Vidole Vitatu vya Nafasi

Simu ya mdogo wangu Wendo ilinikuta nimejibana chini ya bomba la joto, mkono mmoja una spana, mwingine una andazi. Nilimalizia kutafuna kwanza ndipo nikapokea. Ningejua analotaka kusema, lile andazi lingenipalia.

"Dada Nyemo, mtoto ameacha kunyonya."

Wendo hana tabia ya kulialia. Utotoni aliwahi kuteguka mkono katikati ya mchezo wa rede na akacheza mpaka mwisho. Sasa sauti yake ilikuwa imekauka, na nyuma yake nilisikia wanawake wengine wakipepea kitu kwa nguvu.

"Ameacha tangu lini?"

"Tangu kumekucha. Anafungua mdomo, anashika ziwa, halafu anachoka. Tumemweka kwenye karai la maji, lakini maji yenyewe ni ya moto. Na si yeye peke yake, Dada. Watoto wa huku wote wamelala tu, wamelegea. Upepo unaunguza. Ule upepo wenu."

Upepo wetu. Nilikuwa nimeuegemea kwa bega. Bomba lile ndilo lililokusanya joto lote la mji wa Utulivu na kulipuliza nje, upande wa magharibi, ambako waasisi wetu waliona hakuna watu. Siku hizi wapo. Bondeni kuna mashamba ya uwele, kuna kanisa, kuna kilabu cha pombe kinachosifika kuliko kanisa, na yupo mdogo wangu, aliyemfuata mwanamume wa huko kwa mapenzi na kuniachia mimi kazi ya kuwaeleza ndugu.

Sisi wa Utulivu tunaishi chini ya Kivuli, paa kubwa linalong'aa lililofunika mji mzima tangu enzi za babu zetu. Mitambo yake imeushika mji kwenye ubaridi uleule, kiangazi na masika, asubuhi na mchana. Watu wetu hupenda kusema kwamba Kivuli kinaua joto. Mimi ndiye msimamizi wa mitambo na najua hakiui chochote. Joto halifi. Unalitoa hapa unaliweka pale, kama mtu anayefagia takataka zake mpaka mlangoni kwa jirani.

"Mlowanishe kichwa, endelea kumpepea," nilimwambia. "Nakupigia sasa hivi."

"Dada..."

"Nakupigia, Wendo. Usizime simu."

Ndahani, fundi ninayefanya naye kazi, alikuwa amesikia yote. Ana tumbo kubwa, ana maneno mengi, na tangu Wendo ajifungue amekataa kuniita jina langu.

"Mama Mkubwa," alisema, "hiyo sura naijua. Usiniambie unataka kuzima."

"Mpaka jua lizame tu. Bomba likinyamaza, Bonde litapumua."

"Na huyu je?" Akagonga Mtungi Mkuu kwa kifundo cha kidole.

Mtungi Mkuu unasimama katikati ya jumba la mitambo, mnene kuliko nyumba ya mtu, umejaa mafuta ya kupozea ambayo huzunguka mji mzima yakibeba joto. Waasisi waliujaza pomoni, wakaugongea kizibo cha shaba, wakaimba. Hawakuacha nafasi hata ya kupenyeza unyoya. Ukizima mitambo, mafuta yanasimama humo na kupata moto, na kitu kikipata moto hutanuka. Chuma cha mtungi nacho hutanuka, lakini kidogo mno. Mafuta hutanuka mara nyingi zaidi. Yangetafuta pa kwenda na yasingepaona. Mtungi ungepasuka, na Kivuli kisingewaka tena maishani mwetu.

"Tutapunguza," nilisema.

Ndahani aligeuka kutazama mlango, kana kwamba nimemtukana mzazi wa mtu. "Sema polepole, wewe."

Utulivu hakuna neno zito kama hilo. Kwetu chombo hujazwa pomoni. Bibi harusi, mtoto mchanga, mgeni wa maana, wote hupewa chupa ya heshima, ya kioo, iliyojazwa maji mpaka kizibo kinapoingia yanatiririka pembeni, kisha kizibo kinafungwa kwa waya kisitoke milele. Chombo kisichojaa hutengenezwa siku ya msiba tu. Mfiwa hutoka nje na kuita "Tupunguzeni!", na kila nyumba humwaga kidogo katika vyombo vyake visivyofungwa, ikabaki juu nafasi ya vidole vitatu. Hiyo ni nafasi ya aliyeondoka. Asiyefiwa haruhusiwi kuita, na asiyeitwa hapunguzi. Mara ya mwisho mwito ule ulitoka mlangoni kwetu, siku tuliyomzika mume wangu Lameki, na aliyeita ni mama yake.

"Basi tumwombe mfiwa," nilisema.

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Ndiyo maana nakimbia."

*

Mama mkwe wangu, Bi Sechelela, alikuwa sebuleni na mdogo wake wa kiume, Mzee Chiduo, wanakunywa chai. Ilikuwa bahati au balaa, maana Mzee Chiduo ndiye mwenyekiti wa mji. Nyumbani namwita Mjomba, kama marehemu alivyomwita.

Niliwasalimu, nikaeleza nikiwa nimesimama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikiwa hewani. Sitamsingizia: hakuwa mtu mbaya, wala hakupuuza.

"Mwanangu," alisema, "naumia kwa ajili ya watoto hao. Lakini tazama mji huu. Mafundi wetu wanajivunia kitu gani? Kwamba karatasi haipiti kati ya mlango na fremu. Vigae vimepangwa vikagusana. Reli ya tramu imeungwa moja kwa moja, haina mwanya. Vitu hivi havijawahi kuonja joto. Ukiliingiza mchana huu, nani anajua kitakachovunjika? Na wazee wetu? Huyu dada yangu ana moyo mgonjwa. Utamtoa huyu ili umwokoe yule?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Na nikuulize jambo moja," Mjomba aliendelea, kwa upole uliouma kuliko kelele. "Bonde limekuwa likiungua miaka yote. Leo unakimbia kwa sababu ni Wendo. Asingekuwa mdogo wako, ungekuja?"

Niliona haya. Huku mkwe wangu aliyenifuta machozi wakati yeye mwenyewe amefiwa na mwana, kule mdogo wangu na kichanga kisichoweza kunyonya. Mtu anayesema jambo kama hilo lina jibu jepesi hajawahi kuwapenda wote wawili.

"Sijui, Mjomba," nilisema. "Labda nisingekuja. Lakini wangekuwa wanaungua vilevile. Na mji hautavunjika tukiupa nafasi. Naomba nikuonyeshe."

Nilileta beseni la maji ya vuguvugu kutoka jikoni. Kutoka rafuni nikachukua chupa moja ya heshima, ile ya harusi yangu, imejaa pomoni. Halafu mkono wangu ukaenda kwenye chupa ya katikati.

"Hiyo usiiguse," Mama alisema.

Ilikuwa chupa ya Lameki, iliyofungwa siku ya msiba wake. Ina vidole vitatu vya nafasi juu, na Mama huifuta vumbi kila siku kabla hajaswaki.

"Mama, katika nyumba hii hakuna nyingine isiyojaa. Sitaifungua. Naiweka tu kwenye maji, pamoja na yangu. Maji ni yaleyale."

"Na ikivunjika?"

"Mama, haitavunjika."

"Nakuuliza ikivunjika."

"Basi usinisamehe."

Mama alinyanyuka kwa shida, akaishusha chupa mwenyewe, akaibeba kwa mikono miwili na kuizamisha kando ya yangu. Niliongeza maji ya moto kidogo kidogo, nikizungusha kwa mkono ili kioo kisishtuke. Mjomba alisogeza kiti.

Mwanzoni hakukuwa na la kuona. Kisha katika chupa ya Lameki mstari wa maji ukaanza kupanda, taratibu sana, ukiingia katika ile nafasi. Katika chupa yangu hakukuwa na pa kupanda. Waya wa kizibo ulikaza, ukalia. Ghafla, ka! Ufa ukashuka kutoka shingoni hadi tumboni, na maji ya harusi yangu yakamwagika kwenye beseni.

"Ni ule moto," Mjomba alisema, lakini alisema kwa shaka, maana macho yake yalikuwa kwenye chupa ya pili, iliyosimama katika maji yaleyale, nzima.

Mama aliitoa. Aliipangusa kwa ncha ya khanga, akaiinua kwenye mwanga na kuangalia pale maji yalipofika, kidole kimoja tu chini ya kizibo.

"Yamepanda," alisema. "Yamepata pa kwenda." Akakaa nayo mapajani. Machozi yalimtoka, lakini sura yake haikuwa ya kilio. "Miaka yote nalitazama pengo hili nikiona ni hasara tupu."

Halafu akauliza, bila kunitazama, "Yule mtoto wa Wendo ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, Mama."

"Nipeleke kwenye kipaza sauti."

"Dada!" Mjomba alisimama. "Huwezi kuita. Hujafiwa leo."

"Mimi nimefiwa, Chiduo. Mtu hafiwi kwa siku moja akamaliza. Nishike mkono."

Mjomba aliitazama ile chupa, akamshika.

*

Kipaza sauti cha mji kiko katika jumba la mitambo. Mama alipoita "Tupunguzeni!", sauti yake ilipita mitaa yote, na nilisikia kupitia dirisha jinsi soko lilivyonyamaza. Kisha simu ya jumba ikaanza kulia. Mji mzima uliuliza swali lilelile.

Mama alikisogelea tena kipaza sauti. "Mnauliza amekufa nani. Hajafa mtu. Huko Bondeni watoto wanaungua kwa joto letu, na mitambo inazimwa mpaka jioni. Safari hii tunapunguza ili asife mtu. Mwageni vidole vitatu katika kila chombo. Fungueni milango, muiache wazi. Tramu isimame. Wazee washuke vyumba vya chini. Mimi ni Sechelela, mama yake Lameki, na ndiye ninayewaita."

Nilihofu watakataa. Halafu nikasikia, kwanza nyumba ya jirani, kisha ya pili yake, kisha mtaa mzima, maji yakimwagwa barazani.

Tulibaki na Mtungi Mkuu. Nilipanda ngazi na Ndahani tukashika spana kubwa, wawili, tukavuta. Kizibo cha shaba hakikutikisika. Tulivuta tena mpaka Ndahani akatoa maneno ambayo Mama alijifanya hakuyasikia. Tangu waasisi wakigongee, kile kizibo hakikuwa kimeguswa na mtu.

Wendo nilikuwa nimeshampigia, simu nimeibana begani. "Kuna nini, Dada?"

"Kizibo kimegoma."

"Si mkipashe moto? Mimi kopo la achari likigoma, namwagia kifuniko maji ya moto. Kinaachia chenyewe."

"Umesikia?" nilimuuliza Ndahani, ambaye alikwisha kuwasha moto wa kuchomelea. Mafuta yale hayashiki moto kirahisi, vinginevyo ningekuwa nimeruka dirishani. Aliuelekeza moja kwa moja kwenye kizibo, na hata mimi niliona sawa kabisa. Wendo alikuwa amesema kweli, kwa kopo lake. Moto ulipokaribia kuigusa shaba ndipo nilipoliona tumbo la kopo la achari kichwani mwangu, na kifuniko chake kikiwa nje.

"Simama! Ondoa!"

"Nini tena?"

"Kifuniko cha Wendo kiko nje ya kopo. Kikitanuka, kinaliachia kopo. Hiki chetu kiko ndani ya shingo. Na shaba hutanuka kuliko chuma. Ukikichoma, unakikaza mpaka kiama."

Ndahani aliutazama moto wake, akautazama mtungi. "Kwa hiyo tunachoma shingo."

"Shingo tu. Kizibo tunakipoza."

Baridi ilikuwepo tele, kwa sababu mitambo ilikuwa bado inafanya kazi. Nilikwangua barafu iliyoganda kwenye mabomba, nikaifunga katika kitambaa changu cha kichwa, nikaikandamiza juu ya shaba. Vidole vilikufa ganzi. Ndahani akazungusha moto kwenye chuma, pembeni, pembeni, asisimame mahali pamoja. Mama chini anashika ngazi. Kati ya mkono wangu wa barafu na mkono wake wa moto palikuwa na upana wa kiganja, na katika upana huo chuma kilikuwa kinapanuka na shaba inasinyaa, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona.

"Sasa," nilisema.

Tulivuta. Kizibo kililia kama mbuzi, kikazunguka.

Ndahani alinikumbatia juu ya ngazi, na tumbo lake likakaribia kunitupa chini. Tulichota mafuta, ndoo kwa ndoo, mpaka nilipoweza kusimamisha vidole vyangu vitatu kati ya mafuta na mdomo wa mtungi bila kulowana. Nikashuka na kuvuta mkono mkubwa wa kuzimia mitambo.

Sijawahi kusikia Utulivu umenyamaza vile. Ngurumo iliyokuwepo tangu nizaliwe iliondoka, nikagundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikipaza sauti kidogo ili kushindana nayo.

"Wendo," nilinong'ona. "Tumezima."

*

Joto liliingia kwa adabu kwanza, halafu likasahau adabu. Watu walitoka barazani wakiwa wamekunja mikono ya mashati, wakitazamana, wanacheka kwa woga. Hatukuwahi kutoka jasho pamoja. Mashemeji waliona makwapa ya mashemeji zao.

Mji ulianza kuvimba. Mbele ya benki, vigae vya sakafu vilinyanyuka viwiliviwili, vikaegemeana kama vinanong'onezana. Nyaya za taa zilizokuwa zimenyooka tangu nizifahamu zililegea zikaning'inia kwa uvivu. Pale sokoni reli ya tramu, iliyokosa mwanya wa kutanukia, ilijipinda pembeni polepole, na kundi la watu lilisimama kuitazama na kupiga makofi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa tramu ilikuwa imesimama kama Mama alivyosema. Kuna mama ntilie alimimina chai ya moto kwenye bilauri nene la wageni, likapasuka mkononi, wakati vikombe vyembamba vya kila siku vilitulia. Kwenye bilauri nene, ndani kulikuwa kumeshatanuka na nje bado hakujapata habari. Aliapa kutokutumia tena vyombo vya wageni.

Nilizunguka vyumba vya chini nikihesabu wazee kwa macho, khanga mbichi mabegani mwao. Mama nilimkuta kwenye kona yenye ubaridi, ameweka miguu katika beseni lilelile la asubuhi, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nilimshika mkono nikasikiliza mapigo. Yalikuwa yanakwenda mbio kidogo, lakini yalikuwa yanakwenda.

"Acha kunishika kama mgonjwa," alisema. "Umepata habari za kule?"

"Bado."

"Piga tena."

Nilipiga. Simu ililia mpaka nikaanza kuhesabu dhambi zangu. Ikapokelewa, na sikusikia neno. Nilisikia sauti ndogo ya kunyonya, ya pupa, inayokatika, inaanza tena.

"Unamsikia?" Wendo alisema.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Niliipeleka simu sikioni kwa Mama, naye akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza redio, huku anatikisa kichwa.

"Huyo ana njaa," aliamua. "Mwambie mama yake anywe uji mwingi."

Nililia pale ngazini, nikacheka, nikalia tena, na wazee wa watu wakanipisha kwa heshima.

Jambo moja tu liliharibika ambalo hatukutegemea. Mjomba Chiduo, baada ya kuhakikisha kila mtu ameacha mlango wazi, alikwenda ofisini kwake na kufunga wa kwake, ili abaki na ule ubaridi wa asubuhi. Ndivyo tulivyofundishwa sote: baridi hufungiwa ndani. Mlango ule wa chuma ndio sifa ya mji, karatasi haipiti. Ulitanuka ndani ya fremu ukajikaza, na mwenyekiti akakaa humo mchana kutwa. Watu walimpitishia uji dirishani, na foleni ya waliojitolea kumpitishia uji ilikuwa ndefu kupita haja.

"Nyemo," aliniambia kupitia nondo, jasho limemlowesha mpaka miwani, "nimo ndani ya kosa langu, na halina nafasi."

"Vumilia, Mjomba. Jua likishuka litakuachia."

Jua lilishuka. Ubaridi wa jioni, wa kweli, usio wetu, uliingia kupitia matundu ya Kivuli tuliyokuwa tumeyafungua. Ndipo mji ulipoanza kulia. Tak. Kutoka kwenye paa la shule. Tak, tak. Kutoka kwenye reli, kwenye mageti, kwenye mabati. Watoto walikimbilia kwa mama zao. Mimi mwenyewe nilidhani Mtungi umepasuka, nikampigia mdogo wangu.

"Wendo, mji unakatika!"

Niliisogeza simu ukutani asikie. Akaangua kicheko, kile cha utotoni, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu ahame.

"Dada, ni mabati yanajirudi. Yalitanuka, sasa yanapoa. Sisi huku tunalala na sauti hiyo kila siku. Ukiikosa unajua kuna tatizo."

Tak, likasema jengo la halmashauri, na mlango wa Mjomba ukafunguka wenyewe kidogo, bila kuguswa. Alitoka taratibu, amebeba bakuli nne za uji. Watu walishangilia. Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

Tulipokaa naye, alivua miwani akaipangusa. "Kesho jua litawaka tena," alisema.

"Litawaka."

"Na mtoto wa Wendo amepona. Kwa hiyo nakuuliza tena lile swali langu. Kesho utakuja?"

Safari hii jibu lilikuwepo, halikunisumbua hata kidogo. "Nimeshamwambia Ndahani aje mapema. Mafundi wa reli nao waje na misumeno, tukate mianya."

Mjomba alitazama vigae vyake vilivyonyanyuka, vya fahari, akashusha pumzi ndefu. "Waanzie na mlango wangu," alisema.

Nyumbani nilimkuta Mama rafuni. Chupa nyingi zilikuwa zimekatwa waya na kupunguzwa, na ile ya Lameki ilikuwa imerudi mahali pake katikati, haikuwa tena peke yake. Mama alikuwa na chupa mpya mkononi. Alikuwa ameijaza maji, ameifunga kizibo kwa waya, amezungushia utepe mwekundu wa kichanga. Niliitazama shingo yake, nikatazama tena. Juu kulikuwa na vidole vitatu, vimepimwa vizuri.

"Mama," nilisema taratibu, "hii ni ya mtoto?"

"Ni ya mtoto."

"Watasema umemtabiria kifo."

"Waseme." Alinikabidhi ile chupa kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka. "Mpelekee mwenyewe. Huko kuna joto, iliyojaa pomoni isingefika. Mwambie Wendo kwamba bibi yake mtoto amemwachia mahali pa kukulia."